Kiatu cha Kushoto cha Njiti

Mama Sindano alikuwa na mikono ya dhahabu na mdomo wa kumponza. Hivyo ndivyo mumewe alivyozoea kumsema, na mumewe huyo, fundi redio mpole wa kukaa kutwa ameinamia nyaya zake, alikuwa na haki ya kulalamika, maana tangu waoane hajawahi kumaliza sentensi ndefu. Akianza yeye, mkewe anamalizia. Akinyamaza, mkewe anamjibia. Mwisho alizoea kuongea na redio mbovu, ambazo angalau zilimsubiri.

Mikono yenyewe aliipata kwa shangazi yake, mwanamke mkali asiyepiga mtoto. Mshono ukienda upande, shangazi aliufumua wote kimya kimya, akamrudishia kitambaa kama kilivyotoka dukani. Hilo lilimuuma kuliko fimbo. Akakua akishona sare za shule, mapazia, magauni ya maharusi, na kupanua suruali za wanaume walioapa kwamba zimejipunguza zenyewe kabatini. Halafu nguo za tayari zikafurika madukani, wateja wakapukutika, cherehani ikabaki imefunikwa shuka kama mgonjwa. Watu walipita, wakasalimu, wakaulizia afya yake na ya mumewe, na hakuna aliyemletea hata kifungo. Ukitaka kumuua fundi, mpe salamu tupu kila siku.

Kwa hiyo mwalimu wa dansi, mteja wake wa zamani, alipokuja kumwambia kwamba kuna watu wanatengeneza filamu ya watoto wanaocheza baleti na wanahitaji mtu wa mavazi, Mama Sindano hakuuliza kazi yenyewe ikoje. Alichukua kikapu chake cha uzi akafunga mlango.

Filamu ilimhusu binti wa shule, mtoto wa hali ya chini, mwenye jozi moja tu ya viatu vya dansi, tena vimechakaa. Anachaguliwa kucheza mbele ya waamuzi, lakini mama yake hataki hata kusikia habari za kurukaruka, na amesema haji kumtazama. Binti anacheza mpaka mwisho, mlango haufunguki, mama haonekani. Basi, hadithi imeishia hapo. Mama Sindano alipohadithiwa alitoa maoni yake papo hapo, kwamba huyo mama hana akili timamu, na kwamba ingekuwa yeye angefika ukumbini kabla ya waamuzi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Binti huyo alichezwa na mwanafunzi wa mwalimu yule yule, mtoto ambaye kila mtu pale alimwita Njiti kwa wembamba wake. Njiti hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na vidole vya miguu vilivyochubuka na tabia ya kumtazama mtu usoni mpaka mtu ajishuku. Mama Sindano alimpenda siku ile ile ya kwanza, na kwa nini asimpende? Kapata mtu wa kumsikiliza bila kumkatiza. Kila alipomshonea au kumpima alimmwagia habari za mjini, za jirani, za fundi redio na za shangazi marehemu. Njiti alisikiliza zote, na wala hakusahau hata moja. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, lakini tusitangulie.

Mahali pale palikuwa na sheria mbili, na usipozijua hutaelewa kilichotokea.

Ya kwanza ilikuwa ya watu wa filamu. Msaidizi wa mwongozaji, kijana wa sauti nene aliyeitwa Kipaza, akishasema kimya, basi hata kukohoa ni kosa. Feni zinazimwa, milango inafungwa, watu wanageuka samani. Na kutoka hapo kamera haisimami mpaka mwongozaji mwenyewe aseme, "Kata." Neno hilo lilikuwa la mtu mmoja tu. Mwongozaji, mwanamke mfupi ambaye sauti yake ilipungua kadiri hasira ilivyopanda, hakumruhusu mwingine yeyote kulitamka, hata kwa utani wakati wa chakula.

Ya pili ilikuwa ya wachezaji. Mwalimu aliwakuza watoto wake nayo tangu wakiwa wadogo: mchezaji hasimami katikati ya dansi. Nguo ikichanika, endelea. Mguu ukiuma, tabasamu. Kulia utalia ukishatoka.

Sasa viatu. Viatu vya baleti ukivitazama utadhani ni vya mwanasesere, hariri tupu na tepe za kufungia kifundoni. Lakini kichwani mwa kiatu, pale vidole vinapokaa, mna tabaka za kitambaa na gundi zilizokauka zikawa ngumu kama ubao, na chini ya soli kuna kibao kinachoushika unyayo. Hapo juu ya hiyo ncha ndipo mtoto anaposimamisha mwili wake wote. Kikichezewa sana kiatu hulainika, na wenyewe husema kimekufa. Kiatu kilichokufa hakimshiki mtu. Ukipanda juu yake, kifundo kinakwenda kinakotaka chenyewe.

Kwa ajili ya filamu Mama Sindano alitunza jozi mbili. Moja ilikuwa imekufa kweli, ya kupigwa picha Njiti akiwa amekaa, akitembea, akifunga tepe. Nyingine ilikuwa hai, ya kuchezea, lakini kwenye picha zilitakiwa zionekane jozi ile ile. Basi akaichukua ile hai akaisugua kwa msasa, akaipaka chai, akaichakaza mpaka mpiga picha mwenyewe akashindwa kuzitofautisha. Jinsi alivyojisifu siku hiyo! Vile vilivyokufa alivitia fundo la uzi mweusi ndani, kwenye pindo la kisigino, asije akapotea mwenyewe.

Baadaye mwongozaji akasema vile vilivyokufa vinaonekana vimelala mno, vinatia huruma kupita kiasi. Sawa. Mama Sindano akavipaka wanga kwa ndani vikasimama wima. Ukivibonyeza kwa kidole gumba vilikujibu kama vizima.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho katika ukumbi ule. Wenye ukumbi waliutaka jioni hiyo hiyo kwa shughuli yao, viti vyao vilikuwa vimekwisha kurundikwa barazani. Iliyobaki ilikuwa picha moja tu, dansi nzima ya Njiti mbele ya waamuzi, toka mwanzo mpaka mwisho bila kukatwa, jua likiingia kwa madirisha marefu. Asubuhi walijaribu ikaharibika. Mara taa ikapasuka, mara mwamuzi mmoja akapiga chafya, mara wingu. Mwongozaji alikuwa anaongea kwa sauti ya kusikilizwa kwa kuinamiwa.

Halafu akaona tepe. Katika picha, alisema, tepe za jozi moja zimefifia kuliko za nyingine. Zibadilishwe zote, upesi, jua lisije likahama.

Mama Sindano akakaa kwenye kiti cha kona, viatu vyote vinne mapajani, Njiti amekaa mbele yake peku akinyoosha misuli. Ili kushona tepe mpya ilibidi afumue pindo la kisigino, na alipofumua pindo, fundo la uzi mweusi likatoka nalo. Alijiambia atalirudishia. Na angelirudishia, kwani mikono yake ilijua kazi. Ila mdomo nao ulikuwa kazini.

Alikuwa anamsimulia Njiti habari ya juma lililopita, siku utepe ulipofunguka mbele ya kamera na Kipaza akamwita pembeni. Alimwiga kabisa, kifua mbele. Kipaza alimwambia kwamba akiharibu tena, filamu hii ataiona ukumbini kama watu wengine.

"Kwa hiyo mwanangu," alisema akicheka, uzi mdomoni, "nikikosea tena hapa, mimi na ile cherehani yangu tunarudi kuangaliana."

Njiti hakucheka. Akamtazama kwa yale macho yake.

"Kweli watakufukuza, shangazi?"

"Kweli kabisa. Leo leo."

Alisema vile kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Ulimi hauna mfupa. Wala hakuona mtoto alivyolipokea neno lile akaliweka ndani.

Kipaza akaja anaita viatu, viatu, viatu. Mama Sindano akavibonyeza vichwa vyake harakaharaka, vyote vikamjibu sawasawa, akachagua viwili alivyoamini ndivyo, akamvisha Njiti, akamfunga tepe na kuzipiga mshono zisifunguke. Akampiga kofi dogo la mgongoni. Nenda mama, ukaruke.

"Kimya!"

Feni zikafa. Njiti akasimama katikati ya sakafu ya mbao, shingo imenyooka, piano ikaanza kwenye spika.

Kwanza yote yalikwenda vizuri. Hata Kipaza, ambaye baleti kwake ilikuwa watu kutembea kwa madaha, alibaki mdomo wazi. Mama Sindano alikuwa kwenye kona yake na ile jozi nyingine mkononi, anaibonyezabonyeza bila kuwaza, kama mtu anavyochezea funguo. Kidole hakikusema kitu. Wanga ni mwongo mzuri. Halafu, kwa mazoea tu, akakishika kiatu kimoja huku na huku akakikunja soli.

Kiligoma, kikarudi kama chemchemi. Kilikuwa hai.

Akadhani amechanganya, kwamba kumbe Njiti amevaa jozi iliyokufa yote. Akakunja cha pili, na hicho kikajikunja kama mkate uliolowa. Hicho kilikuwa kimekufa. Basi ikawa wazi, na ilikuwa mbaya vile vile: mkononi alikuwa na kimoja hai na kimoja maiti, na mtoto pale katikati alikuwa na kimoja hai na kimoja maiti. Upande gani? Akakodoa macho. Alipopanda kwa mguu wa kulia, Njiti alisimama kama msumari. Alipopanda kwa kushoto, kifundo kilitetemeka, kidogo tu, kitu cha kuonwa na mtu anayejua pa kutazama. Jasho na joto la mguu lilikuwa linauyeyusha wanga. Kila hatua kiatu kilizidi kufa.

Na dansi ile aliijua. Alikwisha kuiona mazoezini mpaka angeweza kuiimba. Piano itapanda, Njiti atakimbia kutoka dirishani, ataruka, na akitua atapanda papo hapo juu ya ncha ya mguu wa kushoto peke yake na kuzunguka, mara nyingi, hapo ndipo watu hushika roho zao. Ule mguu wa kushoto. Mwili wote juu ya kiatu cha uji.

Alimtafuta mwalimu kwa macho. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa ukumbi, amefumba macho, anafuata piano kwa kidole. Alimtazama Kipaza, akamwonyesha kiatu, akakitikisa. Kipaza akamkazia macho na kuweka kidole mdomoni. Mwongozaji alikuwa ameinamia kioo chake kidogo cha kutazamia picha, mkono kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hatimaye anapata alichokililia. Jua lilikuwa sakafuni kama lilivyotakiwa. Baada ya hapa hapakuwa na ukumbi tena, na kesho yake haikuwepo.

Mama Sindano aliogopa. Tusimpambe, aliogopa sana, na sehemu ya woga huo ilikuwa ya nafsi yake. Aliiona ile shuka juu ya cherehani. Alijiambia labda kitahimili, mtoto mwepesi yule, labda Mungu atasaidia. Alijiambia kuteleza si kuanguka. Na piano ikaanza kupanda.

Njiti akafika dirishani akageuka. Mama Sindano akamwona uso kwa mara ya kwanza tangu dansi ianze, uso mweupe wa poda, unatabasamu kama alivyofundishwa, na macho juu ya tabasamu lile yalikuwa ya mtu anayekwenda kuchomwa sindano. Akaanza kukimbia.

"Kata!"

Yeye mwenyewe hakuitambua sauti yake. Aliyekuwa na maneno siku zote za maisha yake alikuwa na moja tu la kusema, tena la mwongozaji.

Njiti alikuwa amekwisha kuinua mguu wa kuruka. Akaushusha. Akasimama pale katikati ya jua, amegeuza kichwa kuelekea sauti ilikotoka, mikono bado iko hewani, na tabasamu likamtoka polepole, akabaki mtoto tu.

Piano iliendelea kidogo peke yake mpaka mtu akaizima.

"Nani amesema?" Mwongozaji aliuliza kwa sauti ambayo ilibidi uisome midomoni.

Mama Sindano alikwisha kuwa njiani. Alikatiza sakafu ile na makubazi yake ya barabarani, jambo ambalo nalo lilikatazwa, akapiga magoti, akakata tepe kwa meno akakivua kiatu cha kushoto. Kichwa chake kilibonyea mkononi mwake bila ubishi, na wanga uliotoka ulimganda vidoleni. Kifundo cha mtoto kilikuwa cha moto na kimeanza kuvimba.

"Kosa ni langu," alisema kwa nguvu, ili wote wasikie. "Nimevichanganya. Mtoto hana lake hapa."

Kisha akamwinamia Njiti. Kuna kitu kilikuwa kinamkereketa, kule kutetemeka kwa kifundo na yale macho.

"Ulijua?"

Njiti alitikisa kichwa kukubali. "Tangu nilipopanda mara ya kwanza."

"Sasa kwa nini hukusimama, mwanangu? Mwalimu angekuelewa."

"Si kwa ajili ya mwalimu." Mtoto akashusha sauti, Kipaza asisikie. "Ulisema watakufukuza."

Mama Sindano alilia pale pale sakafuni, mbele ya waamuzi wa bandia na taa zote, na hakujali. Alilia kwa aibu. Aliyaona maneno yake yote aliyomwaga juu ya kichwa kile kidogo siku zote hizo, akidhani ni porojo tu, kumbe alikuwa anamtwisha mzigo, na mtoto wa watu alikuwa tayari kuvunjika guu akiubeba.

Kipaza ndiye aliyekuja kumwambia aende nyumbani, wataitana. Hakusema kwa ubaya. Mwongozaji alikuwa amerudi kuinamia kioo chake na wala hakuinua kichwa. Muuguzi aliyeletwa alimfunga Njiti bandeji, akasema mshipa umevutika lakini mfupa mzima, apumzike na atacheza tena. Wenye ukumbi wakaanza kuingiza viti.

Alipofika nyumbani alikaa kando ya mumewe asiseme kitu. Fundi redio alishtuka, akadhani kuna msiba. Alipoelezwa yote, akaweka chini bisibisi.

"Mtoto ana miguu yake yote miwili, wewe una mikono yako, na filamu ni picha tu ukutani, basi kuna nini cha kufumua tena?" Akasubiri akatizwe. Hakukatizwa.

Hawakumwita. Alifunua cherehani, akaipangusa, akafunga kibao mlangoni kwamba anarekebisha nguo za kila aina. Kila Jumamosi mwalimu akamletea sketi, na Njiti akafuatana naye, kwanza kwa kuchechemea, baadaye kwa kutembea, baadaye akiruka ngazi. Mama Sindano aliendelea kuongea naye, maana kuacha asingeweza. Ila alijifunza kusita katikati na kumwuliza, na wewe je? Na Njiti, taratibu, akaanza kujibu.

Filamu ilipotoka wote wawili walialikwa, yeye na mumewe, viti vya nyuma. Alikwenda roho mkononi. Alidhani walikwisha kuipiga upya dansi ile mahali pengine, na viatu vizima, na mtu mwingine wa mavazi.

Taa zikazimwa. Hadithi ikaenda kama alivyohadithiwa, binti, viatu vilivyochakaa, mama asiyetaka kuja. Kisha ukumbi ule ule, jua lile lile sakafuni. Njiti anacheza. Piano inapanda. Mama Sindano akajikuta ameushika mkono wa mumewe kwa kucha. Njiti anafika dirishani, anageuka, anakimbia, anainua mguu, na anaushusha. Anasimama. Anageuza kichwa kutazama kitu ambacho watazamaji hawakioni, na tabasamu linamtoka polepole.

Ile sauti ya Mama Sindano haikuwemo, walikuwa wameifuta. Palikuwa na kimya tu, na uso ule. Halafu picha ikahama, ikaonyesha mlango wa ukumbi uko wazi na yule mama wa kwenye filamu amesimama hapo, bado na nguo za kazini, anahema. Mwongozaji alikuwa amebadilisha mwisho.

Watu wakaanza kupenga kamasi gizani. Kwenye safu za mbele, Njiti alikuwa ameipa filamu kisogo, amepiga magoti juu ya kiti chake, anatafuta mtu huko nyuma.

Mwanamke wa kiti cha jirani, mgeni kabisa, alijifuta macho kwa mtandio akamwinamia Mama Sindano.

"Afadhali mama yake amekuja," alisema.

"Alichelewa," Mama Sindano akamjibu, na hakuweza kuendelea.